Maji ya Picha

Siku ya arobaini ya mdogo wangu Ramadhani, mjukuu wake Bakari aliingia chumbani nilikokuwa nimejinyoosha kidogo baada ya kisomo, amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa shuka. Nje wanawake walikuwa wanakwangua ukoko wa pilau kwenye masufuria, na barazani wanaume walikuwa wanabishana juu ya treni ya zamani ya Kilosa, ilikuwa inafika saa ngapi, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyeipanda mara nyingi. Bakari akaniambia, "Bibi, kaa vizuri, nimekuletea zawadi." Akafungua shuka. Ilikuwa ni ile picha yetu, imekuzwa, imewekwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Watoto wanne tumesimama na kibao cha namba: mimi, Ramadhani, Mwanaidi na Juma. "Kuna jamaa yangu pale Mikumi mjini ana kompyuta," akasema. "Siku mbili nzima anatoa yale madoa. Maana mwanangu kila akiiona ile ya zamani ananiuliza, baba, mbona hawa wanarushiwa mchele kama maharusi?"

Nilimshukuru, nikamwombea dua, maana alikuwa amefanya kwa moyo mwema na kwa gharama yake. Lakini alipotoka nilibaki nikiitazama picha ile kama mtu aliyeoneshwa nyumba ya jirani na kuambiwa ni yake. Nyuso zilikuwa safi. Khanga yangu ilikuwa safi. Mbingu juu ya vichwa vyetu ilikuwa safi kuliko mbingu yoyote niliyowahi kuiona mwezi wa kumi na moja. Juma, mdogo wetu wa mwisho, yuko hai, lakini wakati ule alikuwa na miaka mitano na hakumbuki lolote isipokuwa kwamba aliahidiwa kipande cha muwa. Mwanaidi alishatangulia. Ramadhani ndiye aliyekuwa anajua madoa yale yalitoka wapi, na sasa ameondoka, nimebaki mimi. Ndiyo maana naandika.

Sitaeleza wazazi wetu walivyotutoka. Inatosha kusema kwamba mwaka ule watu wa kwetu walipokuwa wanahamia kwenye vijiji vipya, mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, Ramadhani kumi na miwili, Mwanaidi tisa, na ndani ya nyumba yetu hapakuwa na mtu mzima isipokuwa mimi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Nakumbuka mchana mmoja baada ya msiba, nimekaa jikoni nachambua mlenda, na upande wa pili wa ukuta wa udongo baba mdogo Shomari, aliyekuwa anakata miwa kule Ruaha, anazungumza na shangazi wa Kilangali. Walikuwa hawanong'oni. Watu wakidhani wewe bado mtoto hawanong'oni. "Ramadhani nitaondoka naye mimi, ana mabega, kwenye miwa atafaa," baba mdogo akasema. Shangazi akajibu, "Mwanaidi nipe, nina mjukuu wa kubebwa. Juma aende kwa bibi yake." "Na Zaina?" "Zaina aozwe. Atakaa hapa anaangalia nini?" Mlenda uliniteleza mikononi, nikauokota, nikauosha upya. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanagawana mzigo kama watu wanavyogawana mzigo, kila mmoja achukue kile anachoweza kubeba. Lakini niliamua palepale, nikiwa na mlenda mkononi, kwamba sisi hatugawanywi. Niliwaomba waniachie hadi mavuno. Baba mdogo akacheka, akasema, "Haya, mkuu wa kaya. Mavuno nitakuja."

Kazi niliipata kwenye bohari moja ya serikali pale Kilosa, kubeba maji. Nyuma ya bohari kulikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha, mlango umezibwa kwa mablanketi mawili, na ndani yake alikuwa anafanya kazi Bwana Elieza, mpiga picha. Alikuwa mtu wa milimani, Mwanglikana, amesoma shule ya misheni, anavaa soksi ndefu hata kwenye joto, na goti lake la kulia lilikuwa halikunji tangu aanguke kwenye daraja. Chumba kilinuka siki na jasho. Kulikuwa na kamba iliyotundikwa filamu kwa vibanio vya nguo, meza ya mbao iliyoliwa na dawa, na kikombe cha bati cha chai kilichokuwa kimekatazwa kabisa kuwekwa mezani, kwa sababu siku moja alikunywa dawa badala ya chai akatapika hadi ofisi ya pili wakasikia.

Maji ya mto Mkondoa yalikuwa na udongo, hivyo nilikuwa nayachemsha, nayaacha yapoe, kisha nayachuja kwa kipande cha bafta kuukuu kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto. Mara ya kwanza nilimwuliza kwa nini maji ya kuoshea picha yawe safi kuliko ya kunywa. Akaniambia, "Binti, maji ya kunywa yakikosea kidogo, tumbo litahangaika siku mbili litanyamaza. Filamu ikiwa imelowa ni laini kama ngozi ya maziwa. Kinachoigusa hapo kinakaa humo mpaka kiama." Dumu la maji hayo tulilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa, hata yeye.

Picha zenyewe zilikuwa za daftari. Sijui kama wilaya nyingine walifanya hivyo, lakini kwetu alikuwepo ofisa mmoja aliyetaka kila kaya inayopewa kiwanja katika kijiji kipya ipigwe picha, wote wasimame pamoja na kibao cha namba, picha ibandikwe kwenye daftari la kijiji kando ya jina la mkuu wa kaya. Kaya iliyobandikwa ilikuwa na kiwanja. Isiyobandikwa ilisubiri. Watu wa kwetu walipangiwa kijiji kilichoitwa Mkwajuni, upande wa kuelekea Mikumi, na daftari la Mkwajuni lilikuwa linafungwa kabla ya mvua.

Lori la bohari lilikuwa bovu, na barabara nyingi hazikuwa barabara. Kilichokuwepo ni chombo kimoja cha ajabu kilichoachwa na wageni waliokuja zamani kidogo kuhesabu wanyama kwenye mbuga ya Mikumi: pikipiki ya magurudumu matatu, matairi manene yaliyojaa upepo kidogo tu, hata ukiyabonyeza yanabonyea kama andazi. Haikuwa na springi. Matairi ndiyo yaliyokuwa yanaruka. Watu waliiita Chura. Madereva wa bohari walikuwa wanaionea haya. "Mimi nina leseni ya lori," mmoja akasema, "nikae juu ya kitu hicho kama mtoto juu ya sufuria?" Bwana Elieza kwa goti lake hakuweza kuipanda. Nikasema nitajaribu mimi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilivaa suruali ya marehemu baba, nikajifunga khanga juu yake, nikavuta kamba ya kuwashia mara sita, ya saba ikawaka. Mwendo wake unauongeza kwa kidole gumba. Nilizunguka bohari mara mbili na kugonga pipa moja, na kuanzia siku hiyo nikawa dereva, ingawa kwenye karatasi niliendelea kuandikwa mbeba maji.

Fundi wa bohari alituungia tela dogo nyuma, na Bwana Elieza alikaa humo juu ya sanduku la dawa, mguu mbovu umenyooshwa, mwavuli mkononi, uso umeelekea tulikotoka. "Nchi hii," alikuwa anasema, "mimi nimeiona yote, lakini ikiwa imeshapita." Madumu mawili yalifungwa ubavuni, la kunywa kushoto, la kitambaa chekundu kulia. Kamera haikukaa kwenye tela hata siku moja kwa sababu ya mishtuko. Niliivaa mimi kifuani, ndani ya mkoba wake wa ngozi, na khanga nimeikaza juu yake kama mtu aliyebeba mtoto mbele. Wanawake wa Tindiga walipotuona mara ya kwanza wakiwa mpungani waliinuka wote. "Jamani, msichana kabeba nini?" "Kabeba mimba ya pembe nne!" "Na yule mzee nyuma ndiye baba?" Bwana Elieza akainua mwavuli kuwasalimu, nao wakazidi kucheka. Mimi nilikaza macho mbele. Baadaye wanawake wale wale walitupa wali na kisamvu kwenye jani la mgomba, na mmoja wao akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, bila mzaha, kama kitu kile ni kigumu kujifunza.

Jambo moja nilijifunza kwa kuumia. Dumu lililojaa ni zito lakini limetulia, na dumu tupu halina neno. Dumu lililofika nusu ndilo baya. Maji yanakimbia upande huu na upande ule, na kwenye mteremko yanakuvuta wakati ule ule gurudumu linapoinuka. Lilinipindua mara moja kwenye mfereji karibu na Kilangali, nikaanguka chali nimeikumbatia kamera, na kiwiko changu mpaka leo hakinyooki sawasawa. Bwana Elieza aliruka kwenye tela na goti lake, sijui aliwezaje, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeumia wapi?" Kamera aliiuliza baadaye. Hilo sikulisahau.

Mwezi wa kumi na moja, wiki ya mwisho ya daftari, nilimwambia habari zetu. Nilimwambia juu ya baba mdogo na mavuno, na kwamba mwenyekiti wa Mkwajuni, Mzee Kibwana, ameshaniambia kaya ni mume na mke, watoto yatima wataandikwa kwa ndugu zao. Bwana Elieza alikuwa anakula ugali na dagaa. Akamaliza tonge, akanawa, akasema, "Kwenye karatasi yangu imeandikwa kaya ni watu wanaolala nyumba moja na kula chungu kimoja. Nyinyi chungu chenu ni kimoja?" Nikasema ndiyo. "Basi Jumatano leta watoto kiwanjani. Nitapiga. Ofisa akija Ijumaa aikute imewekwa kwenye daftari, halafu abishane na picha."

Kwa ajili ya Jumatano hiyo nilinunua khanga mpya. Sikuwa nimenunua khanga tangu msiba. Nilitaka nisimame pale kama mtu mwenye nyumba. Nilijifunga ile pea ikiwa bado na ugumu wake wa dukani, inalia ukitembea. Ramadhani alisimama kulia kwangu, amejaza kifua upepo. Mwanaidi alishika kibao cha namba. Juma aliahidiwa muwa ili asitingishike. Bwana Elieza alichungulia, akasema, "Zaina, usinitazame mimi, tazama wale watakaokuja kuiangalia." Ilikuwa picha ya kwanza ya filamu ile, na filamu ile ilikuwa ya mwisho tuliyokuwa nayo, nyingine zilisubiriwa kutoka Morogoro na hazikujulikana zitafika lini.

Zilibaki kaya kumi na moja. Tisa tulizimaliza kabla ya saa sita. Mbili zilikuwa hazijahama, zipo ng'ambo ya korongo, karibu na mpaka wa mbuga, na goti la Bwana Elieza lilikuwa limevimba. Nilimweka kwenye kibanda kilichoachwa na mafundi wa barabara, na dawa zake na mfuko mweusi wa kufungulia filamu. Alikuwa ameshanifundisha kupiga. "Sogeza filamu, vuta pumzi, bonyeza kabla hujaitoa," akaniambia. "Na maji ujaze bombani pale kwenye kambi ya askari wa mbuga, maji ya bomba lile ni safi. Nataka niioshe leo leo, joto hili litaipika." Nikajaza dumu la kitambaa chekundu mpaka mdomoni. Dumu la kunywa nilimwachia yeye.

Kuvuka korongo peke yangu, bila tela, ndiyo mara pekee mwaka ule niliyosahau kila kitu. Majani yalikuwa makavu, marefu mpaka mapajani, na Chura alikuwa anayalaza pande mbili. Swala walisimama, wakatazama, wakaendelea kula. Kamera ilikuwa inapiga kifuani kwa mapigo ya injini, maji yametulia ubavuni, nikaimba kitu kisicho na maneno. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nadhani nilistahili nusu saa ile.

Kaya ya kwanza niliipiga bila shida. Ya pili ilikuwa ya Bwana Selemani, na nilipofika sikusikia mbwa wala kuku. Mkewe, Mama Asha, alikuwa amekaa mlangoni na mtoto wa miaka miwili mapajani. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na midomo imepasuka. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Una maji?" Hakuuliza mimi ni nani wala kile nilichopanda ni kitu gani. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi. Kisima chao cha mchangani kilikuwa kimekauka, na mumewe alikuwa ameondoka alfajiri na baiskeli kutafuta maji hajarudi. Watoto wengine wawili walikuwa wamelala chini ya kitanda cha kamba, kwenye kivuli, na hawakuinuka kuja kunitazama. Mtoto asiyeinuka kutazama kitu kinachonguruma ni mgonjwa au ana kiu.

Nilitazama kitambaa chekundu. Nitasema kweli, nilikitazama. Niliwaona Ramadhani na Mwanaidi na Juma wamejikunja ndani ya kamera, gizani, wanasubiri kuoshwa. Halafu nikafungua dumu. Tulimpa mtoto kwa ncha ya khanga, tone kwa tone, kisha kwa kijiko, na Mama Asha akatia chumvi kidogo kwenye uji mwepesi. Wale wawili walikunywa mpaka nikawazuia. Nilikuwa nimepanga niwaachie nusu. Lakini nusu ingenipindua korongoni, na hata ingefika isingetosha kuosha filamu. Na wao walikuwa na siku nzima ya kutembea hadi Mkwajuni. Nikamimina yote kwenye mtungi wao, nikamwambia Mama Asha yalikuwa maji ya kuoshea picha, ya nyumba yangu ikiwemo. Bwana Selemani alirudi wakati namimina tone la mwisho, baiskeli inaburuzwa, dumu lake tupu. Akamkuta mwanawe ameshika kikombe mwenyewe.  Alivaa kofia yake, akasimama na watu wake, nikapiga picha ya kumi na mbili.

Kambi ilikuwa kwenye njia nyingine na jua lilikuwa linashuka, kwa hiyo niliporudi nilipitia dimbwi la Mkata. Maji yalikuwa yamekanyagwa na nyati, lakini katikati yalionekana meupe. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani, kama alivyokuwa anafanya mama, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyofanya: nikaikunja khanga mara nne, nikaifunga mdomoni mwa dumu, nikachuja. Nikayamwaga, nikachuja tena, mara tatu. Yalitoka meupe, mazuri, mtu angesema ya bomba. Nikafunga kitambaa chekundu vizuri. Na nilipomkabidhi Bwana Elieza sikumwambia. Alinipokea kwa furaha, akaniuliza nimefika salama, akamimina maji yale bila kuyatazama, kwa kuwa nilikuwa nimeyaleta mimi.

Tulirudi Kilosa, na kesho yake asubuhi aliinua filamu kavu kwenye mwanga, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia.  Nilikuwa mlangoni na bafta mkononi. "Zaina," akasema, "maji haya uliyatoa wapi?" Nikamweleza yote, nimesimama, natazama soksi zake. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ulichuja kwa kitu gani?" Nikamwonesha khanga. Akaishika pindo, akaisugua kwa vidole viwili, na vidole vikabaki na unga mweupe. "Tope umelizuia," akasema. "Huu ni wanga wa kiwandani, wanautia ili khanga mpya isimame. Umeosha filamu kwa wanga." Mimi nikaanza kulia, naye akanisubiri. Kisha akauliza, "Na yule mtoto?" "Alikunywa. Alishika kikombe." "Basi kaa chini. Na siku nyingine uniambie. Ningeweza kusubiri maji. Kilichoniuma ni kwamba hukuniambia."

Aliilowesha tena filamu kwenye maji yaliyochujwa kwa bafta. Punje nyingine zilitoka, nyingi zilikuwa zimeshazama ndani. Kila picha ilikuwa na madoa meupe, mengine juu ya macho, mengine katikati ya mdomo. Siku nzima ya Alhamisi alikaa na wino na manyoya matatu ya brashi yaliyofungwa kwenye njiti ya kiberiti, anaziba madoa usoni mwa watu, uso mmoja mmoja, ili ofisa asiseme hawajulikani. Mimi nilishika taa. Alipofika kwenye yetu nikamwambia aiache ya mwisho, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Akanitazama, akasema, "Unajua kwamba muda hautafika?" Nikasema najua. Muda haukufika.

Ijumaa, baada ya swala, watu walikusanyika Mkwajuni mbele ya ofisi isiyo na mlango bado. Ofisa alikuwa mtu aliyechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba mdogo Shomari alikuwepo pia; alikuwa amekuja kwa basi la asubuhi kutoka Ruaha, ana mfuko mtupu wa kutilia nguo za Ramadhani, ingawa mavuno yalikuwa bado. "Nimesikia daftari linafungwa," akaniambia. "Tusisumbuane, mwanangu." Ramadhani alisimama nyuma yangu ameshika mkanda wa suruali yangu. Ofisa alifungua kurasa, anapitisha kidole. Alipofika kwetu akasimama. "Hii ni nini? Mmemwagiwa unga? Na wazee wako wapi?" Mzee Kibwana akadakia, "Ndiyo hiyo niliyokueleza, Bwana. Watoto tu. Ndugu yao huyu hapa amekuja kuwachukua." Bwana Elieza akasema kaya ni chungu kimoja, imeandikwa kwenye maelekezo. Ofisa akasema, "Nayajua maelekezo. Lakini picha imeharibika, Bwana Elieza. Huyu wa mwisho hata uso hauonekani." Mtu mmoja nyuma akatania, "Kaya ya ndui hiyo!" Watu wakacheka. Ofisa akafungua kalamu.

Ndipo Bwana Selemani akapita katikati ya watu. Walikuwa wamefika asubuhi hiyo kwa miguu. Alikuwa na Asha, yule mtoto aliyekuwa anaharisha, mgongoni, amemfunga kwa shuka kama wanavyofunga wanawake, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Alivua kofia. "Bwana, samahani. Madoa hayo ni ya kwetu." Ofisa akamwuliza ana maana gani. "Huyu binti alibeba maji ya kuoshea picha ya nyumba yake. Alimpa huyu." Akamgeuza Asha ili aonekane. "Yote. Hakubakisha hata ya kusukutua. Picha yake ikaharibika. Sasa kama mnataka kujua ni nani mkuu wa kaya ile, mimi sijasoma, lakini mtu anayekutana na mwenye kiu akaamua mwenyewe maji yaende wapi, huyo kwetu ndiye mwenye nyumba." Asha, ambaye alikuwa hajui anazungumzwa yeye, alinyoosha mkono akataka kalamu.

 Ofisa alimtazama mtoto, akaitazama picha tena, akaisogeza karibu na macho. "Jina lako?" akaniuliza. Nikamtajia. Akaliandika mahali pa mkuu wa kaya, taratibu, kwa herufi kubwa, akapaka gundi, akabandika, akaipiga kwa ngumi ili ishike. Baba mdogo alikunja ule mfuko mara mbili, mara nne, akautia mfukoni. Jioni ile, kabla ya basi, alichimba nasi mashimo mawili ya nguzo za kwanza za nyumba, na alikuwa mchimbaji mzuri sana. Akala nasi ugali kwenye chungu kile kimoja. Kina Selemani baada ya miaka michache walihamia Kilangali, na Asha sijui aliko. Chura alikufa injini mwaka uliofuata. Bwana Elieza alistaafu akarudi milimani kwao, na kabla hajaondoka alituletea ile picha, ameikuza mwenyewe, na madoa yake yote. Nilimwuliza mbona hakuyaziba, sasa ana muda. Akasema, "Ningeziba nini?"

Usiku wa arobaini wageni walipokwisha kuondoka, sikulala vizuri, na asubuhi nilimwita Bakari. Alikuwa anakunywa uji. Nilimsimulia haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa, na mwanawe wa miaka sita amekaa kati ya magoti yake. Bakari aliinamisha kichwa, akasema, "Bibi, ningejua." Nikamwambia hakuna kosa, fremu ni nzuri, naitaka. Akaenda kuichukua ile ya zamani kwenye sanduku la babu yake, akaifungua fremu nyuma, akaziweka zote mbili, ile safi ndani, ile ya zamani mbele, akafunga misumari midogo. Mtoto akasogeza kidole kwenye kioo, juu ya uso wa Juma, pale doa lilipo kubwa kuliko yote. "Hapa ndipo mtoto alipokunywa?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, hapo.